Malalamiko Dhidi ya Shemeji Aliyefufua Gemu Zilizohifadhiwa

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho,

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zitangulie, malalamiko yafuate nyuma kwa adabu. Mimi ndiye Mkuu wa Chumba cha Hifadhi, kile cha mwisho kabisa ukumbi wa chini, ukishapita choo. Humo mna kabati la gemu za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, ambazo watoto wa enzi hizo walizicheza hadi wakasahau kula. Nimezihifadhi kwa moyo wangu wote. Tangu nikabidhiwe kabati hilo hakuna aliyezigusa, nami nikiwemo, maana ufunguo ulipotea mapema na sikuona sababu ya kuutafuta.

Nakuandikia kumshitaki shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni daktari wa meno. Makosa yake ni haya:

1. Kuingilia kazi isiyomhusu. Siku hiyo alitumwa na dada yake aniletee miwani niliyoisahau nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha kujadili umuhimu wa hifadhi. Mtu mstaarabu angeacha miwani mezani akaenda zake. Yeye alichungulia kabati, akatoa bisibisi mkobani (daktari wa meno anatembea na bisibisi ya nini, Mheshimiwa?), akang'oa bawaba. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, amezungukwa na diski, ameinua moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Shemeji," akaniambia hata kabla ya salamu, "hizi zinaoza."

"Zimehifadhiwa," nikamjibu.

"Hata jino bovu limehifadhiwa mdomoni."

Diski aliyoishika ilikuwa gemu iliyotengenezwa na vijana wa mji huu huu, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Mchezaji anakuwa mkuu wa stesheni: anapanga mabehewa, anatuliza abiria, anafukuza mbuzi relini. Nakala nyingine haijulikani iliko. Utando wake wa fedha ulikuwa umeanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Nilimweleza kwamba kuoza kuna utaratibu wake, na kwamba lazima kwanza kamati ijulishwe. Akasema kuoza hakusubiri akidi.

2. Kubana mali ya umma. Alileta kifaa chake cha kusomea diski, akaisoma ile gemu polepole, akirudia kila palipokwaruzika. Alipomaliza alikuwa na nakala kamili ya vyote vilivyomo. Kisha akaibana nakala hiyo pamoja na za gemu nyingine, zote zikaingia kwenye flashi ndogo kama ukucha. Nilimuuliza kwa uchungu amepunguza nini. Akasema hajapunguza kitu: diski hizo hujazwa mapengo matupu ili zionekane zimejaa, na programu yake hukunja mapengo tu. Ukiifungua, kila kitu kinarudi mahali pake, hata pengo lenyewe.

Mheshimiwa, naomba uitazame hatari hii vizuri. Idara yetu imesimama juu ya mapengo. Tuna naibu, tuna msaidizi wa naibu, tuna ofisi ya uratibu inayoratibu ofisi ya mipango, ambayo nayo inapanga uratibu. Akitokea mtu wa kutubana namna hiyo bila kupoteza chochote, tutatosha kwenye meza moja, na kiti kitabaki.

3. Kujifanya marehemu. Mashine za gemu zenyewe zilikufa zamani, kwa mujibu wa kanuni. Shemeji akatia programu ya kuiga kwenye kompyuta ya mapokezi, nayo kompyuta ikajifanya mashine ya gemu bila haya. Ikapokea amri zilezile, hata ikakwama palepale mashine ya zamani ilipokuwa ikikwama. Leo imeiga mashine. Kesho itaiga afisa ambaye kazi yake ni kukaa kimya kando ya kabati, na sioni itakaposhindwa.

4. Kuleta watu. Hili ndilo lililonikata maini. Watu walikuja makumbusho! Mfagiaji wetu, tunayemwita Bi Ndoo, alikuwa wa kwanza kufikisha treni bila kugonga mbuzi, na tangu siku hiyo anatembea ukumbini kama aliyepandishwa cheo. Mlinzi aliacha lango, eti anakwenda kukagua usalama wa mabehewa.

Kisha akaja mshona nguo wa mtaa wa pili. Huyu namfahamu. Amekuwa akija miaka nenda miaka rudi na ombi moja: sauti inayotangaza treni ndani ya gemu ile ni ya mama yake, aliyefariki yeye akiwa hajaanza hata kutambaa. Hakuna mahali pengine sauti hiyo ilipobaki. Nami kila mara nilimkatalia kwa upole.

"Binti yangu," nilimwambia mara ya mwisho, "kitu kikitumika huisha."

"Na kisipotumika, baba?"

Niliona huo ni utovu wa nidhamu, nikamwonyesha mlango.

Safari hii shemeji alimvutia kiti. Treni ikaingia stesheni, na ile sauti ikasema: "Abiria, shukeni taratibu. Aliyechelewa tutamngoja." Nilidhani mshona nguo ataangua kilio. Alicheka. "Kumbe ana kithembe kama changu!" akasema, na aliposema "changu" ulimi ulimteleza vilevile kama wa kwenye kompyuta. Hapo ndipo akalia, Bi Ndoo naye akalia, na mlinzi akasingizia mafua. Mheshimiwa, tangu lini makumbusho yakawa mahali pa watu kukumbuka?

5. Kuaibisha diski ya asili. Baadaye nilimwamuru shemeji aisome tena, nithibitishe kwamba hajaidhuru. Haikutoa hata neno. Utando ulikuwa umeachia kabisa. Imekufa, lakini imekufa ndani ya boksi lake, chini ya ulinzi wangu, bila alama ya kidole changu. Naomba hilo liingizwe kwenye taarifa ya mwaka kama mafanikio.

Kwa hiyo naomba flashi ikusanywe na nakala zote zifutwe, ili ibaki ya asili peke yake, hata kama haisemi. Kompyuta ya mapokezi irudishwe kwenye kazi yake halali ya kucheza karata. Mshona nguo, ambaye ameondoka na sauti ya mama yake kwenye simu, airejeshe, au kama haiwezekani, aandike barua ya kuahidi kuisahau. Na shemeji apigwe marufuku kukanyaga makumbusho, hata akija na miwani.

Nisalimie naibu, msaidizi wa naibu na wajumbe wote wa kamati, na Mungu aijalie familia yako mashemeji wavivu.

Nabaki mahali pakavu, pasipo mwanga,

Mtumishi wako,
Mkuu wa Chumba cha Hifadhi

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii usiishughulikie kwanza. Jana mke wangu alifukua kanda ya harusi yetu, ambamo marehemu baba yangu anasimama kutunasihi. Niliitunza mwenyewe, mfuko ndani ya mfuko, na hatukuwahi kuitazama tusije tukaimaliza. Imeota ukungu. Alichosema mzee sikikumbuki tena. Nakumbuka tu kwamba watu walicheka sana na mama akajifunika uso kwa khanga. Shemeji amesema atajaribu, ila wagonjwa wake ni wengi, na anayemwomba aache kung'oa meno ya watu lazima naye amfungulie milango ya makumbusho. Nimemfungulia yote. Jumamosi anakuja nyumbani na kifaa cha kusomea kanda. Basi naomba barua hii uihifadhi kwa utaratibu wetu wa kawaida, ule ambao mtu hataiona tena.