Ukungu Nao Ni Miundombinu

Hotuba ya Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mwanga, Mandhari na Mshikamano, katika uzinduzi wa Mradi wa Taa za Mji, iliyotolewa jioni katika ukumbi wa mikutano, mkabala na zahanati. Yaliyomo kwenye mabano ni ya karani wa kikao, kama alivyoyaona na kuyasikia.

Ndugu Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye pia ni shemeji yangu. Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye angekuwa shemeji yangu kama mambo yangekwenda sawa. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Mwanga. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Mwanga. Ndugu Mhasibu, popote alipo. Viongozi wa dini zote mliokaa mbele, na viongozi wa vyama vyote mliokaa karibu na soda. Walimu wakuu na walimu wa kawaida. Wazee wetu, mama zetu, dada zetu wa soko la mitumba. Mafundi bomba mnaoendelea kusubiri maji kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano. Vijana mliokataa kuzima pikipiki hapo nje. Wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmeshakaa: kama kuna niliyemsahau, ajihesabu kuwa ametajwa wa kwanza. (Makofi. Mwenyekiti anapiga kuliko wengine.)

Nitasema kwa kifupi, na ndiyo maana nimeacha nusu ya kurasa kwenye gari. Mtakumbuka kwamba mwaka jana, nikiwa nimesimama hapa hapa, na suti hii hii, niliwaahidi taa: taa barabarani, taa sokoni, na zaidi ya yote taa kwenye wodi ya wazazi ya zahanati yetu hapo ng'ambo, ambako dada yetu mkunga, na hili nalisema kwa majonzi makubwa ya kiofisi, amekuwa akizalisha akina mama huku ameuma simu kwa meno ili mwanga uangukie panapotakiwa. (Mkunga, amesimama mlangoni na aproni yake: "Na leo ninaye mwingine, mheshimiwa. Uchungu umeshaanza na simu yangu haina chaji. Hizo taa ziko wapi?") Swali zuri sana. Linaonyesha namna wananchi wetu walivyoelimika. Nitalijibu kwa utaratibu. (Anayejifungua ni fundi cherehani wa pale kona. Ni mke wa karani.)

Leo nasimama mbele yenu, kifua mbele, kuwatangazia kwamba awamu ya kwanza ya taa hizo imekamilika kwa asilimia mia moja na nne, kwa viwango vya kimataifa, ndani ya mchezo wa video. (Watu wanatazamana.) Asanteni. Naona mnatazamana, na hata sisi tulitazamana wazo hili lilipotujia kwenye semina kando ya bwawa la kuogelea, lakini tukishaelimishana mtakubali kwamba hakuna taifa makini linalojenga mji kabla ya kujenga hisia ya mji, na kwamba hisia hiyo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na ofisi yangu kwa niaba ya ofisi yangu, hujengwa kwa mkakati uleule wa watengenezaji wa michezo ya video, ambao kwa muda mfupi tu humfanya mtu aliyekaa kwenye kochi lake, amevaa soksi, aamini kwamba yuko porini, ananyeshewa, na kuna kitu kinamfuata.

Kazi hiyo tumemkabidhi binti wa dada yangu, huyu hapa mwenye kompyuta, aliyeipata kwa ushindani mkali kati yake na kaka yake. (Binti anatazama viatu vyake.) Ni mnyenyekevu. Ndiye aliyenifundisha kwamba mchezo mzuri haukwambii "ogopa" wala "tulia", unakuwekea taa. Taa ya njano dirishani, mchezaji anajisikia amefika nyumbani hata kama hajawahi kupaona. Taa ya kijani inayopepesa mwisho wa korido, anajua ule mlango si wa kufungua. Nikamwambia, mwanangu, weka njano mji mzima, na hiyo ya kijani weka kwenye ofisi ya mtangulizi wangu. (Vicheko, safu ya mbele.)

Akaja kwenye sauti, maana anasema sikio huingia kwenye mchezo kabla ya jicho. Ukikanyaga tope unasikia chwa, chwa, na moyo unakuwa mzito. Ukikanyaga lami unasikia ko, ko, ko, na unajiona mtu. Ndugu wananchi, mmeisubiri lami tangu enzi za babu zenu. Leo natamka rasmi kwamba sauti yake imefika! (Mzee mmoja: "Na yenyewe inakuja na usafiri gani?") Yenyewe iko kwenye mchakato, mzee wangu, na mchakato ukiharakishwa unapata kizunguzungu. Akaniambia pia kwamba muziki ukinyamaza ghafla, mchezaji anakaa roho juu, anajua hatari iko jirani. Nikaagiza muziki wa furaha upigwe mfululizo, asubuhi hadi asubuhi, kwa kuwa mji wetu hauna hatari. Akasema, "Mjomba, ukipiga muziki wa furaha kwenye mitaa mitupu, watu wataogopa zaidi." Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, atuachie sisi viongozi.

Na kweli mitaa ile ni mitupu, lakini tazameni ujuzi! Anasema mlangoni pa kila nyumba unaweka kandambili, dirishani kikombe kilichofunikwa, uani nguo kwenye kamba, ili mchezaji ahisi kwamba kuna watu na wametoka sasa hivi. Nikamuuliza, watu wenyewe wako wapi? Akajibu, "Mjomba, watu ni gharama. Uwape sura, uwape mwendo, uwape la kusema. Vitu vyao vinatosha." Ndugu zangu, hilo Kamati ya Bajeti imekuwa ikilisema miaka yote, isipokuwa haikuwa na kompyuta. (Mkunga amerudi, anahema: "Mheshimiwa, naomba hiyo jenereta ya nje. Wodi ni giza, na mtoto amekaa vibaya. Nikikosea hapa nawapoteza wote wawili.")

Dada yangu, tuelewane. Jenereta ile imekodiwa kwa ajili ya Mradi wa Taa, na kwa sababu hiyo haiwezi kutumika kuwasha taa. (Minong'ono mikali.) Kuna kanuni! Leo tukiipeleka kwenye uzazi, kesho mtu ataitaka kwenye msiba. Isitoshe, wodi yako ndani ya mchezo imepewa kipaumbele cha juu: mwanga mweupe usioumiza macho, mapazia yanapepea taratibu, na kwa mbali kidogo unasikia mlio wa jenereta, ngrrrr, sauti iliyochaguliwa na kamati ya watu tisa kwa sababu inampa mama imani. (Karani anasimama: "Mheshimiwa, ni mke wangu. Naomba jenereta, au naomba ruhusa.") Karani, kaa. Mkeo yuko mikononi mwa wataalamu, na historia haiandikwi na kiti kitupu. Ukitoka hapa, kesho usijisumbue kuja kazini. (Karani anakaa. Anaandika huku akitazama dirisha la wodi, mwandiko usamehewe.)

Nilikuwa wapi? Ukungu! Hili ndilo lililonigusa kuliko yote, lililonifanya niweke kijiko chini mezani kwa dada yangu. Kumbe ule ukungu wa kwenye michezo, unaomfanya mtu atembee ananyata akidhani mbele kuna jini, mara nyingi uliwekwa kwa sababu mashine za enzi hizo hazikuweza kuchora mbali. Huko mbele hakuna nyumba, hakuna barabara, hakuna hata ardhi. Mafundi wakafunika kwa ukungu, na watu wakasema, lo, mchezo huu una hisia nzito! Ndugu zangu, machozi yalinilengalenga. Maisha yangu yote katika utumishi wa umma, nikitoa taarifa za maendeleo kila robo mwaka, sikujua kwamba ninachokifanya kina jina la kitaalamu. (Makofi ya Mwenyekiti peke yake.) Ndiyo maana nasema, na magazeti yaninukuu, ukungu nao ni miundombinu. Hautaki nguzo, hauibiwi nyaya, ukiharibika hakuna anayejua, na athari yake kwa jamii, tulipoipima, ilikuwa kubwa kiasi kwamba hatukuona mwisho wake.

Sasa, binti yangu, bonyeza, wananchi waingie katika mji wao! (Binti anabonyeza kitufe cha projekta. Shuka iliyotundikwa ukutani inageuka ya kijivu. Kijivu tupu, pembe hadi pembe.) Mnaona? (Sauti nyingi: "Hatuoni!") Ndio wenyewe! (Mama wa mitumba: "Sasa mji uko wapi, baba?") Uko nyuma ya ukungu, mama. ("Na nyuma ya ukungu kuna nini?") Awamu ya pili. (Binti, kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kinaipata: "Mjomba, waambie tu.") Anamaanisha niwaambie asanteni. (Mwenye jenereta, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, anavaa kofia yake na kutoka bila kuaga.)

Kwa hiyo, katika kuhitimisha utangulizi wangu, napenda kutoa takwimu, nazo ni kwamba kati ya kaya zote zilizohojiwa, kaya tisa kati ya kila kaya nane zimesema (Jenereta inanyamaza. Kijivu kinatoweka. Kipaza sauti kinakufa. Kumebaki mwanga kidogo wa dirishani, unamtosha mtu kuandika kwa herufi kubwa.) Tulieni! Tulieni, nina sauti yangu mwenyewe! Giza hili ni la muda! Nani anasogeza viti? (Watu wanatoka. Mafundi bomba na vijana wa pikipiki wanasukuma jenereta kuvuka barabara, mzee yule anasimamisha magari kwa fimbo.) Rudisheni mali ya mradi! Mwenye jenereta, mkataba wako ni hadi mwisho wa hotuba, na hotuba haijaisha! (Mwenye jenereta, kutoka barabarani: "Basi endelea kuongea, mheshimiwa, sisi tunawasha.") Na wewe binti, huo waya unaupeleka wapi? (Binti amechomoa waya mrefu na kuukunja begani: "Hapo ng'ambo, mjomba. Mama atanielewa.")

Mwenyekiti, bado upo? (Hayupo.) Vizuri. Akidi ni mimi na karani, na kanuni inaruhusu. Basi kauli mbiu, kwa pamoja: Mwanga! (Viti vitupu.) Kwa wote! Ukungu! Ni maendeleo! Karani, andika kwamba umati uliitikia.

Napenda kumalizia kwa shukrani. Namshukuru mfadhili wetu, ambaye jibu lake la kukataa lilikuwa na lugha nzuri na karatasi nzito. Naishukuru kompyuta ile, ambayo haijawahi kuwaka tangu inunuliwe, lakini haijawahi kutudai chochote. Namshukuru mpigapicha wa ofisi, aliyetupatia ile picha ya kijivu mliyoiona, maana ni ukuta wa ofisi yangu uliopigwa kwa karibu sana. Na namshukuru binti wa dada yangu, ambaye hakuwahi kutengeneza mchezo wowote, kwani hakuna aliyempa cha kutengenezea. Taa, nyayo, kandambili, muziki, yote hayo alinisimulia kwa mdomo, jikoni kwa mama yake, akiosha vyombo, nami nikaona ni dhambi kuwanyima wananchi. (Ng'ambo ya barabara jenereta inaunguruma. Dirisha la wodi linawaka, mara moja, lote. Watu waliosimama nje wanapiga kelele, halafu wananyamazishana.) Umeona, karani? Taa! Wodi ya wazazi, taa moja, imekamilika ndani ya muda! Andika haraka, andika kwamba imewashwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mwanga, Mandhari na

(Mtoto analia. Nimemsikia kutoka hapa nilipokaa, na baada yake nimemsikia mke wangu akiniita kwa jina langu la nyumbani. Nimefurahi hadi sioni ninachoandika. Iliyobaki andika mwenyewe, mheshimiwa.)