Tik Tik ya Mlango wa Baba Mkwe

Jumatano, 5 Machi
Baba mkwe kasafiri, kaniachia gari. Mimi! Si shemeji, mwanawe wa kumzaa. Mke wangu kasema nisimwaibishe: Jumapili baba akilikuta kama alivyoliacha, tutaachiwa kila safari. Nimeapa. Ila mlango wa dereva unagonga. Tik, tik. Ndani mna nini?

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua. Kidogo tu! Kava la mlango liling'ang'ania, nikalitia bisibisi, nikavuta, kra! Vishikizo vitatu vya plastiki, vile vinavyolibana kava kwenye bati, vimekatika shingo. Ndani kuna waya, mota ya kioo, fimbo za kitasa, vumbi la miaka. Raha kutazama! Kinachogonga sijakiona. Shemeji kapita, kauliza kwa upole mlango unaumwa nini. Nimesema naupangusa. Kacheka mpaka kapotea konani.

Ijumaa, 7 Machi
Gundi kali. Kishikizo hakikushika, kidole kimeshika. Saa nzima mimi na kava, bega kwa bega. Mke wangu kaninasua kwa maji ya moto, kanikumbusha Jumapili ni keshokutwa. Neno hilo limeniuma kuliko kidole.

Jumamosi, 8 Machi
Wazo! Mpini wa mswaki ni plastiki ngumu. Nimekata vipande vitatu, nimepasha msumari moto, nikaviyeyushia juu ya vishikizo vilivyokatika. Vimeshika! Nimerudisha kava, nikaligonga kwa kiganja: pa, pa, pa. Fundi gani angeweza? Mke wangu anatafuta mswaki wake. Nimemsaidia kutafuta.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe karudi. Kakagua kava, hajaona kasoro. Nikashusha pumzi. Kisha kafunga mlango. Kong'! Papo hapo nikajua bisibisi yangu ilikobaki. Nikajitetea kwamba mlango uligonga tangu mwanzo. Akatia mkono kwenye mfuko wa mlango, akatoa kikopo cha peremende zake, akakitikisa. Tik, tik. Kesho anasafiri tena. Funguo kampa shemeji, mbele ya watu wote. Mke wangu kaingia ndani bila kunitazama. Nimeona aibu, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kapita na gari. Kila shimo, kong'! Kasimama, kaniuliza, leo bila kucheka, humo ndani mna nini. Nimemwambia aniachie dakika kumi tu, njia naijua. Kakubali!
Nimemwomba na bisibisi yake.