Vigae vya Ayubu

Ijumaa asubuhi, katika ukumbi wa hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, jijini Doha, Cyrus alisikia Wakenya wakilalamika, na masikio yakamsimama kama ya sungura.

Lilikuwa kundi lililotoka kuzuru nchi za Biblia: Mlima Nebo, mto Yordani, na maduka ya zawadi yaliyo katikati. Ndege yao ya Nairobi ilikuwa ya jioni. Kiongozi wao alikuwa amejifungia chumbani, tumbo likimwendesha.

"Siku ya mwisho ya ziara, tunaimaliza kwa kutazama lifti," alinung'unika Mzee Gerishon, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufu.

Cyrus alikuwa dereva wa minibasi. Mfukoni alikuwa na bangili ya dhahabu iliyomeza akiba yake yote. Jioni hiyo angemvisha Loice, muuguzi aliyemzungusha miaka miwili, na kumwomba wafunge ndoa. Na mwanamume anayeanza ndoa mifuko mitupu huona riziki hata kwenye lifti.

"Wazee wangu," akasema akiinamisha kichwa kama shemasi, "mtaondokaje bila kuona jivu la Ayubu?"

"Ayubu yupi?" Mzee Gerishon akauliza.

"Wa majipu. Aliishi nchi ya Usi. Mwalimu, Usi iko wapi?"

Mzee akafikiri. "Hakuna anayejua kwa hakika."

"Basi nani atasema haiko hapa?"

Hoja hiyo haikuwa na mguu hata mmoja, lakini ilisimama. Akawaambia wanywe chai kwanza. Yeye akakimbia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akanunua vyungu viwili vya maua, akavipondaponda kwa spana ya gurudumu, kisha akaenda kuvifukia katika kifusi kimoja nje ya mji. Aliporudi, wageni walikuwa tayari. Mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha zambarau na sauti ya asali, akajipakia kiti cha mbele.

"Niite Mama Kerubo, mwanangu. Mgongo wangu haupendi nyuma."

Kwenye kifusi, Cyrus alihubiri hadi akajiogopa. Hapa ndipo Ayubu alipoketi. Hapa ndipo alipojikuna kwa kigae. Na kwa kuwa Mungu alimrudishia mali yake maradufu, mwenye kigae atarajie nini? Maradufu! Watu waliokuja kutafuta utakatifu wakaanza kusukumana kwa viwiko. Dola zilizobaki safarini zikamwagika. Mama mwingine alitaka kigae kikubwa zaidi kwa sababu ana ploti mbili.

Walipokuwa wakirudi, Mama Kerubo akamwinamia Cyrus, akanong'ona.

"Kijana, wewe una kipaji. Mimi ni katibu wa ziara za kanisa letu. Tunaleta makundi kila msimu, na tunatafuta mtu wetu wa Doha. Yule mzee mwenye kofia ndiye mwenyekiti wa kamati. Usimtajie haya mbele za watu, hapendi."

Cyrus nusura apande ukingo wa barabara. Makundi kila msimu! Vyungu vya maua vitakwisha mjini!

"Nifanye nini, Mama?"

"Hawa washaanza kusema umewauzia udongo. Warudishie pesa zao, useme ni zawadi. Na njaa inawauma."

Cyrus akarudisha kila dola huku akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe. Kisha akawalisha wali na mbuzi, na pesa za karo ya mdogo wake, alizoapa kutozigusa, zikaishia humo. Mzee Gerishon aliongeza sahani, na Cyrus akamchagulia minofu kwa mkono wake mwenyewe, maana mwenyekiti ni mwenyekiti.

Wageni walipokwenda kunawa, Mama Kerubo akakiona kijisanduku chekundu mfukoni mwake.

"Hiki nini?"

"Bangili ya mchumba wangu."

"Mwenyekiti anataka dhamana, mwanangu. Amewahi kuumwa na matapeli." Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Dunia imeharibika. Nipe nimwonyeshe, nitakurudishia na mkataba uwanja wa ndege."

Cyrus akasita. Kidogo tu. Akaiona kampuni yake, minibasi tatu, Loice kwenye kaunta akipokea simu. Akatoa.

Walipofika Al Sadd, Mama akashuka. "Tangulieni. Nampitia kiongozi, tutakuja kwa teksi."

Uwanja wa ndege, kiongozi alifika kwa teksi, peke yake, uso kama karatasi. Cyrus akamkimbilia Mzee Gerishon.

"Mwenyekiti! Katibu wako yuko wapi?"

"Mwenyekiti wa nini? Mimi hata kwaya sikuwahi kuongoza."

"Mama Kerubo! Wa kundi lenu!"

"Wa kundi letu?" Mzee akavua kofia. "Si ulikuja naye wewe? Tulimkuta kwenye chai leo, akatuambia ni mkubwa wako, na kwamba hoteli ndiyo inayolipa kila kitu. Hata tulipokushukuru tulimpa yeye. Tulichanga zile dola ulizorudisha. Akasema wewe una haya, huwezi kupokea."

Cyrus aliketi juu ya sanduku la mtu. Mzee akamwombea kwa ufupi, kwani foleni ilikuwa inasonga.

Loice alikuwa akimsubiri mtaa wa Mesaimeer, nje ya lango la makanisa, ibada ya Ijumaa imekwisha. Cyrus alikuwa ametunga uongo mzuri njiani, wenye polisi na ngamia. Alipomwona, akautupa. Akamweleza yote: vyungu, spana, kifusi, mbuzi, bangili.

Loice alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akamtazama sana.

"Ulivunja vyungu ukawauzia wazee?"

"Nilivunja."

"Huo ni upuuzi, na hutaurudia."

"Sitaurudia."

"Cyrus, tangu nikujue hujawahi kunieleza jambo nikaliamini mwanzo hadi mwisho. Hili naliamini." Akajifuta machozi. "Haya. Niulize ulichokuja kuniuliza."

Cyrus, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia tangu azaliwe, akafungua mdomo, akaufunga, akakohoa. Ikabidi Loice amsaidie swali, kisha akamjibu.