Manhatani kwa Wazee wa Changamwe

Jumatatu, 2 Desemba 1963
Meneja Mzungu wa ukumbi wetu wa Changamwe anaondoka. Wazee sita wa kamati watamchagua mrithi Jumamosi. Waombaji wawili: mimi, Mbeyu, niliyesoma Makerere, na karani Nicanor, mwenye kipaji cha kuitikia "naam". Wazee wamezoea tembo la mnazi. Nitawapa kinywaji cha kimataifa. Kura zitafuata. Nadhani.

Jumatano, 4 Desemba
Binamu yangu Kenga, mhudumu wa baa hotelini Shanzu, amenifundisha kuchanganya Manhatani, kinywaji cha Kimarekani. Wiski kali ya rai, nafaka ya ng'ambo, sehemu mbili; vamuthi, yaani divai tamu ya mitishamba, sehemu moja; matone mawili ya kiungo kichungu; barafu. Hukorogwa, haitikiswi. Juu, cheri, tunda dogo jekundu. Kenga aliuliza kama nimewahi kuinywa. Nilimjibu kwamba nadharia inatosha. Alicheka hadi akaegemea ukuta. Cheri hakuna. Badala yake nimenunua tende Kongowea.

Jumamosi, 7 Desemba
Msiba! Glasi sita mezani, na mwenyekiti, Mzee Fondo, hakugusa yake. Alinikumbusha kwa upole kwamba kwetu anayemimina huonja kwanza, wageni wajue hamna sumu. Nilitoa hoja: chupa zilitoka kiwandani zimefungwa.

"Mwanangu, aliyezifungua ni wewe, si kiwanda."

Nikaonja. Mzee Lewa akasema hiyo ni ya Fondo, yake je? Nikaonja. Glasi sita, mafunda sita, kila mzee akitaka funda la kuonekana. Hotuba yangu, kwa kumbukumbu zangu, ilianza vizuri. Nicanor anadai nilimkumbatia mwenyekiti nikamwita bibi harusi. Sina ushahidi wa kumkanusha. Kisha nilikaa kwenye kiti ambacho hakikuwapo.

Nicanor alileta kibuyu cha mnazi. Akaonja mara moja, akamimina. Kura sita kwa sifuri!

Jumapili, 8 Desemba
Kanisani sikwenda. Kengele zilitosha kunitesa. Nimetafakari kwa uangalifu, ingawa huenda nimekosea. Kinywaji hakikuwa na kasoro. Desturi pia haina. Kosa lilikuwa idadi ya glasi. Nicanor alishinda kwa kuwa chombo chake kilikuwa kimoja.

Sasa anatafuta naibu. Kamati itakaa tena Jumamosi ijayo. Nimemwandikia Kenga aniletee chupa nne. Ndoo moja, onjo moja, ushindi! Lakini nitaonja kwa bakuli, asije mzee yeyote akatia shaka.