Mwenye Dawa Aonje Kwanza

Othmani, muuza dawa mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Bellevue, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, alikuwa na ulimi mtamu kiasi kwamba askari aliyekuja kumkamata mwaka jana aliondoka amenunua chupa mbili za dawa yake. Asubuhi moja alimsikia mtoto wa jirani akimwita mama yake getini kwa sauti ya kukwaruza. Masikio yakamsimama. Mtoto amekauka sauti, mama ana wasiwasi: biashara hiyo!

"Mama Arlène, mtoto ana nini?"

Mama huyo, Spéciose, msusi Mrundi, alikuwa na haraka. "Vinyama vya kooni, kaka. Vinaletwa na virusi. Kinga ya mwili wake ni ndogo, wakivitoa vinaota tena. Leo upasuaji wa tano, saa mbili. Tukikosa nafasi, pumzi itambana."

"Wa tano! Wanamlima mtoto kama shamba!" Othmani akatoa chupa begini. "Hii, kijiko kimoja tu, kinyama kinang'oka na mizizi. Nipe hiyo nauli uliyoshika, yatosha."

Ndani ya chupa, tuseme ukweli, mlikuwa na pilipili, siki, na sabuni ya vyombo ili litoke povu la kitaalamu.

Spéciose aliitazama nauli, akamtazama binti yake. Mara nne amemsubiri nje ya chumba cha upasuaji, na kila mara moyo ulimuuma upya.

"Sharp, sawa. Ila kwetu Burundi, anayempa mtu kinywaji huonja kwanza, ionekane hakutia sumu. Onja."

"Mimi siumwi koo!"

"Onja, kaka."

Majirani walishatoka kutazama, na tapeli hawezi kuogopa dawa yake mbele ya wateja. Othmani akabugia.

"Eish," alisema, na hilo likawa neno lake la mwisho siku hiyo. Povu likamtoka puani. Akaita teksi kwa kubonyeza simu. Ilipofika, Spéciose na Arlène walikuwa wa kwanza kuingia.

"Hospitali," Spéciose akamwambia dereva. "Kaka huyu analipa."

Othmani alifungua mdomo kupinga. Likatoka povu.

Walifika kabla ya saa mbili. Daktari akamuuliza Othmani amekunywa nini; akabaki kupunga mikono.

"Anasema ni dawa yake mwenyewe," Arlène akamtafsiria, akikwaruza kwa Kizulu safi, lugha ya hapo. "Na chupa kumi ziko kwenye begi. Anaomba mzimwage."

Othmani hakuomba kitu kama hicho, lakini nani angemsikia? Nesi akafungua begi, kisha bomba la sinki, akazimwaga zote. Spéciose akacheka mpaka machozi, na Arlène akaenda kupasuliwa akichekelea.