Fisi Aliyekuwa Akila Vistari vya Minza

Leo nimeaibika, jamani. Uso wa kwenda nao sokoni kesho sina.

Niwataje kwanza waliokuwepo, msije mkasema nimezua. Nilikuwepo mimi Mama Masanja. Alikuwepo Minza, mjukuu wangu, kifungua mimba wa Masanja wangu aliyeko Runzewe. Alikuwepo jirani yangu Zuhura muuza vitenge, binti wa marehemu Mzee Ramadhani, yule aliyeingia hapa Kagongwa na cherehani kichwani. Alikuwepo Luhende, kamanda wetu wa sungusungu, mtoto wa Ng'washi (Ng'washi yule aliyekuwa akicheka mpaka misibani), pamoja na vijana wake. Alikuwepo Bwana Deo, bosi wa Minza, ila yeye alikuwa Geita, akahudhuria kwa kompyuta. Na alikuwepo mwingine ambaye simtaji sasa. Nikimtaja sasa mtazima simu.

Haya. Minza amesoma mpaka chuo. Mimi nikajua atakaa kwenye kiti kinachozunguka, watu wampigie hodi. Kumbe amekuja kukaa sebuleni kwangu, na kompyuta ya kukunja ya kampuni, anahangaika na vistari.

"Hii ndiyo kazi?" nilimuuliza wiki ile alipoanza.

"Ndiyo, Bibi. Kampuni imetengeneza programu ya kupimia viroba vya mawe kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Geita. Mimi nasahihisha mwongozo wake. Ni kitabu cha kumfundisha mtu namna ya kuitumia."

"Unasahihisha nini humo?"

"Deshi."

(Nikasogea nikachungulia.)

"Deshi hizi hizi za kulala chini?"

"Hizo hizo. Kuna fupi, kuna ya kati, kuna ndefu, na kila moja ina mahali pake. Aliyeandika mwanzo alizimwaga tu. Kijana mmoja wa kwenye karasha akaona deshi imekaa mbele ya kilo, naye akaiandika hivyo hivyo kwenye mashine. Mashine ikadhani kiroba kinatolewa, kumbe kinaingia. Wenye mawe wakataka kumtupa shimoni, Bibi."

Hapo nikaacha dharau. Kitu cha kumtupa mtu shimoni si cha kuchekwa. Tangu siku hiyo nikawa namheshimu na vistari vyake. Hata michembe nikikata, viazi vikilala kwenye ungo, namwambia njoo uone, hiki kifupi, hiki cha kati, hiki kirefu. Anacheka.

Lakini leo hakucheka. Leo ndiyo ilikuwa siku ya hukumu. Kazi ile alikuwa amepewa ya kujaribiwa tu. Bosi alikuwa apitie ukurasa wa mwisho, halafu aseme: baki, au rudisha kompyuta yetu. Mtoto ametafuta kazi mpaka soli za viatu zimeisha. Chai ya asubuhi hakuigusa. Na mimi nikaogopa kwa ajili yake mpaka nikasahau kutia chumvi kwenye uji.

Ilipokaribia saa ya bosi akasema, "Bibi, nakimbia bafuni mara moja. Bosi ataniona kwa picha, siwezi kukaa hivi. Mkutano nimeshaufungua nisije nikachelewa. Wewe kaa hapa, asije mtu akagusa. Ukurasa huo ndio maisha yangu."

Ndio maisha yangu! Mtu anakuachia maisha yake mezani, anakwenda kuoga.

Nikakaa. Ungo wa viazi magotini, kisu mkononi, macho kwenye kompyuta. Zile waya zake za kuchomeka masikioni aliziacha zimelala juu ya meza. Ukurasa umetulia. Vistari vimetulia. Nikakata kiazi cha kwanza.

Kistari kimoja kikapotea.

Nikafikiri ni macho. Macho yangu yameliwa na moshi wa kuni, mnajua wenyewe. Nikayafuta kwa upindo wa khanga, nikaangalia tena. Kikapotea cha pili! Hakuna mkono. Hakuna mtu. Kinanyofolewa tu, halafu mahali pake kinaota kingine kirefu, taratibu, kama ukucha.

Nikasogeza kiti nyuma. Ndipo nikaona, juu kabisa ya ukurasa, kwenye kona, kaduara. Na ndani ya kaduara kuna sura ya mnyama. Nikasema mbwa. Nikasogea. Si mbwa. Masikio yale ya mviringo. Pua ile nyeusi. Ule mdomo wa kucheka bila furaha.

Fisi.

(Sasa nimemtaja. Anayetaka kuzima simu azime.)

Ninyi mliozaliwa mjini mtasema ni picha. Kwetu fisi wa usiku ni mnyama, lakini fisi wa mchana si mnyama. Wa mchana ni wa mtu. Ametumwa na mchawi. Na huyu alikuwa ndani ya nyumba yangu, mchana wa jua kali, anakula vistari vya mtoto wangu kimoja kimoja!

Na sikieni hofu yangu ya pili, ambayo ndiyo kubwa. Mimi ni kikongwe. Macho mekundu. Naishi na mjukuu tu. Kikongwe wa hivyo akitoka mlangoni akisema "jamani, kuna fisi kwangu," watu hawamuulizi fisi. Wanamuuliza yeye. Nawajua kwa majina waliowahi kuulizwa, na sitawaandika hapa. Kwa hiyo mdomo ukawa mzito. Nikipiga kelele, naweza kuangamia mimi. Nikinyamaza, anaangamia Minza.

Nikaamua kuzungumza naye kwanza.

"Wewe," nikamwambia kwa kunong'ona. "Umetoka kwa nani?"

Akanyofoa kingine.

"Kama kuna mtu nimemkosea, nishike mimi. Mtoto huyu hana ubaya na mtu. Mwachie kazi yake."

Akanyofoa kingine!

Nikashika kisu vizuri. "Kama ni njaa," nikasema, na Mungu anisamehe, "nyama haipo hapa. Sisi hapa ni mifupa. Nenda Geita kwa bosi wake. Nimemuona kwenye picha. Shingo ile peke yake ni kitoweo cha wiki nzima. Anza na shingo."

Akasimama. Wallahi (Zuhura ndiye amenifundisha kuapa hivyo), fisi akasimama. Vistari vikatulia. Nikasema moyoni, wabeja, asante, amesikia, anafunga safari.

Halafu mstari mzima ukafutika mara moja. Wote!

Hapo akili ikaondoka. Nikaifunika kompyuta kwa ungo, viazi vikamwagika, nikatoka mlangoni nikapiga yowe. Lakini hata katika kuchanganyikiwa sikusema fisi. Nilisema, "Mwiziiii! Mwizi jamani! Yuko ndaniii!"

Sasa, asiyejua kwetu nimweleze. Yowe likipigwa, mwenye tonge mdomoni anatoka nalo. Mwenye kunyoa anatoka na nusu ya ndevu. Na ukishafika, huruhusiwi kurudi mpaka mwizi aonekane au kamanda aseme. Filimbi zikalia huku na huku. Zuhura akafika wa kwanza na lile rula lake refu la kupimia vitenge. Vijana wakafika na fimbo. Luhende akafika na rungu, shati amevaa kinyume. Minza akatoka bafuni na khanga moja, povu kichwani, povu masikioni.

"Yuko wapi?" Luhende akauliza.

"Humo ndani," nikasema.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Ana silaha?"

"Ana meno," nikasema, halafu nikajuta.

Wakaingia kwa kunyata. Wakatazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la unga. Luhende akanigeukia. Jasho linamtoka.

"Mama Masanja, ameiba nini?"

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Watu wote wananitazama. Nikasema kwa sauti ndogo, "Vistari."

"Vi-nini?"

"Vistari vya Minza. Yuko chini ya ungo."

Zuhura akaniangalia kama mtu anayemuangalia mgonjwa. "Bibi, umekunywa chai leo?"

Luhende akainua ungo kwa ncha ya rungu. Na yule fisi, kwa ufedhuli wake, hakujificha. Akanyofoa kistari kimoja mbele ya kamanda! Kikafuatia kingine!

Luhende akaruka nyuma. Mtoto wa Ng'washi, mwanaume wa kupambana na wezi wa ng'ombe, aliruka nyuma mpaka akakanyaga kiazi. Akainua rungu.

"USIPIGE!" Minza akaingia mbio akailalia kompyuta, na povu lake, na maji yake. "Kamanda, tafadhali! Ni ya kampuni! Nipige mimi!"

"Toka, mtoto! Nimemwona kwa macho yangu! Ana masikio!"

"Huyo ni mtu, Kamanda!"

"Ndiyo hivyo nasema! Ni wa mtu!"

Katika kuvutana, zile waya za masikioni zikachomoka. Na nyumba nzima ikajaa sauti ya mwanaume.

"Shikamoo, Bibi."

Jamani. Kijana mmoja wa sungusungu alishatoka dirishani (Maduhu, mtoto wa Kulwa, nisimfiche). Mimi kwa mazoea tu mdomo ukajibu wenyewe, "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye fisi."

Zuhura akaketi chini palepale juu ya viazi.

"Naitwa Deo," sauti ikaendelea. "Bosi wa Minza. Nimetumia kompyuta ya mwenzangu, sikuandika jina langu. Mtu akiingia bila jina, programu inampa sura ya mnyama yeyote. Mimi ikanipa hiyo. Nilikuwa napitia vistari. Nimekusalimia tangu ulipokuwa unakata viazi, Bibi, lakini naona sauti ilikuwa inakwenda kwenye waya."

Tangu nilipokuwa nakata viazi. Nikahesabu moyoni niliyoyasema baada ya viazi.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikia?" nikauliza.

"Vizuri sana."

"Hata... ya kwenda Geita?"

"Hata ya shingo, Bibi."

Vijana wa Luhende wakatazamana. Minza akanitazama. Povu linamshuka usoni na machozi nyuma yake, na mimi nikajua nimemmaliza. Fisi hakumla. Nimemla mimi.

Nikapiga goti mbele ya kompyuta. "Baba, nihukumu mimi. Mdomo ni wangu. Mtoto hakusema neno."

Kabla hajajibu, Luhende akakohoa. Alishashusha rungu, sasa alikuwa na aibu yake ya kuficha, na kamanda mwenye aibu hufungua kesi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Yowe limepigwa. Hakuna anayeondoka bila hukumu. Mama Masanja, umepiga yowe bila mwizi, utawapikia vijana jogoo. Na wewe Bwana Deo. Umeingia nyumba ya watu bila hodi na bila jina."

"Mimi nilikuwa kwenye kompyuta tu, Kamanda."

"Tumekuona. Mimi mwenyewe nimekuona, na masikio yako. Kwa sheria yetu mgeni anajitaja mlangoni: mimi fulani, wa fulani, nimefuata jambo fulani. Ungejitaja, kikongwe huyu asingetetemeka. Jibu."

Minza amefumba macho. Mimi nasema moyoni, Luhende, ulichobakiza ni kumfunga kamba bosi wa watu.

"Nimekosa," sauti ikasema. "Ni kweli. Minza, upo?"

"Nipo, Bosi." Sauti ya panya.

"Vistari vyako viko sawa. Nimebadilisha vichache kwa sababu ofisi imebadilisha mtindo jana, si kosa lako. Ule mstari mzima nimeufuta kwa bahati mbaya, mkono uliteleza niliposikia habari ya shingo. Lakini kamanda amenionyesha upungufu. Mwongozo wetu hauna mahali panapomwambia mtu aandike jina lake kabla ya kuingia. Utaiandika wewe hiyo sehemu. Uanze mwezi ujao."

"Mwezi ujao?" Minza akafumbua macho. "Kwa hiyo, Bosi, ina maana..."

"Ina maana kavae nguo, Minza. Tunakuona."

Lo! Ndipo mtoto akakumbuka yuko na khanga moja mbele ya sungusungu nzima na mwajiri wake. Alivyotimka! Zuhura akaanza kigelegele, vijana wakaitikia, Luhende akageuza shati lake taratibu akidhani hakuna anayemwona. Na mimi bado nimepiga goti, naiaga kompyuta.

"Wabeja, baba," nikamwambia. "Na kwa kweli picha hudanganya. Huna shingo hata kidogo."

(Minza anasema hiyo nayo haikuwa nzuri.)

Sasa jogoo yuko chunguni na vijana wako uani wanasubiri. Kucheka chekeni, najua siwawezi. Ila jina la fisi msinipe hata kwa utani. Kwa umri wangu na macho haya, utani huo huishia pabaya.

Na kama kuna niliyemkosea jina, au nimesahau aliyekuwepo, nisahihisheni humu humu kwenye kundi. Lakini kabla hujasahihisha chochote, taja kwanza wewe ni nani na wa nani.