Mtamba Aitwaye Caoilfhionn

Jumatatu, 6 Machi

Mtoto tunayemtarajia ni wa kike, na jina ninalo: Caoilfhionn. Hutamkwa Kilin. Rahisi mno! Ni jina la bibi yangu kule kwetu Donegal, aliyenilea kwa viazi na makofi mpaka nikawa mtu. Sorcha, mke wangu, hataki. Anasema alikaa London miaka mingi na hakuna Mwingereza aliyepatia jina lake, akaishia kuitikia lolote. Mwanawe hatateseka hivyo; ataitwa Emma. Emma! Nyumbani kwangu! Nimenuna hadi chakula cha jioni. Mwishowe akanipa sharti: siku majirani watakapolitamka bila kufundishwa, atakubali. Alicheka aliposema hivyo. Anawajua majirani zake wa hapa Clare, alikozaliwa.

Jumanne, 7 Machi

Baa wana shindano la maswali kila Jumanne. Nimeandikisha timu: Caoilfhionn. Mchezaji ni mimi peke yangu. Anayesoma majina ya timu kila raundi ni Malachy Tuohy, jirani yangu, mwenye trekta kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Atalitamka mara nyingi, nilijiambia, watu wataokota. Malachy akaitazama karatasi, akasema, jamani, maisha ni mafupi, na usiku kucha akatuita timu ya yule wa Donegal. Miaka yote hii nimeoa hapa, bado ni yule wa Donegal. Tumekuwa wa mwisho. Sorcha kaniuliza Emma anaendeleaje.

Alhamisi, 9 Machi

Bibi alikuwa akisema jina hupimwa kwa kuliita kutoka mlango wa nyuma. Lisipofika mwisho wa shamba, mtoto hatakuja kula. Basi jioni nikatoka mvuani, nikaita. Jina tamu! Nikaita tena, kwa nguvu zote.

Mara Malachy huyo, anaruka ukuta wa mawe na buti zake, anauliza nimepoteza nini. Ningemwambia naita mtoto ambaye hajazaliwa? Ulimi hauna mfupa. Nikasema, mtamba. Wa rangi gani? Mwekundu. Anaitwa nani? Nikamwambia.

Hata sijamaliza kujuta, nusu ya parokia imo shambani. Bridie wa dukani kaja na mikate ya nyama. Padri kaja na buti za mpira. Wote wanaililia milima, Kilin! Kilin! Njoo mama, njoo! Nami nikaita pamoja nao, namtafuta ng'ombe ambaye hajawahi kuwepo. Aibu! Lakini nilimsikia Malachy akimfokea mtu kuwa atazame mtaroni vizuri, huyu ni mtamba wa Fintan wetu. Fintan wetu! Nikashukuru mvua, maana iliuficha uso wangu.

Kisha Sorcha akafungua dirisha, akapiga kelele kuwa chupa imepasuka, mtoto anakuja. Nikawasha gari, nikalizamisha kwenye tope hadi milangoni. Malachy akalivuta kwa trekta hadi lami, padri akikimbia mbele kufungua mageti.

Ijumaa, 10 Machi

Amezaliwa! Mzima, mwekundu, ana hasira za bibi. Sorcha, hoi kitandani, akasema aliwasikia jana dirishani, hadi Malachy, wanalitamka vizuri kuliko mimi. Akauliza nimefanyaje. Nikamjibu mambo ya Mungu ni mengi. Akasema basi, ahadi ni deni, aitwe Caoilfhionn. Nililia kama mtoto, na mtoto akalia kama mimi. Asante Mungu, asante majirani. Bila wao ningekuwa baba wa Emma, tena amezaliwa topeni.

Jumapili, 12 Machi

Tumerudi nyumbani. Majirani wamejaa jikoni na mikate, supu, na paja zima la nguruwe. Kila mmoja anamwita mtoto kwa jina, bila kukosea. Moyo wangu ulijaa, sijui nitawalipa nini. Ndipo Malachy akavua kofia, akasema tangu azaliwe hajaona mtu aliyempenda ng'ombe wake hadi akampa mwanawe wa kwanza jina la marehemu. Bridie akafuta machozi. Sorcha akauliza, mtamba gani? Nikakumbuka kuwa birika linachemka.

Malachy ameapa kuwa kifo cha marehemu bado hakijathibitishwa: Jumamosi watamtafuta upande wa pili wa mlima, parokia nzima. Najua ninachopaswa kufanya. Bibi alisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini nitawavunjaje moyo watu wema namna hii? Basi Alhamisi naenda mnadani kununua mtamba mwekundu. Ijumaa namfungulia kimyakimya nyuma ya mlima, Jumamosi Malachy anampata, kila mtu anafurahi. Hakuna kinachoweza kuharibika.

Jina la mtoto wa pili pia ninalo. Hilo ni refu zaidi. Litahitaji kupotea farasi.